Mtoto Akidhurika Mikononi mwa Tabibu

Katika mji wa Runzewe, uliopo wilayani Bukombe kwenye barabara kuu itokayo Kahama na Ushirombo kwenda Nyakanazi, Lusahunga na mpaka wa Rusumo, wamekusanyika watu wa kila namna: Wasumbwa na Wasukuma wenye mashamba na mifugo, wachimbaji wa dhahabu waliotoka mikoa ya mbali, madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi, wafanyabiashara wa sokoni, na wanawake wauzao chakula mpaka usiku wa manane. Watoto ni wengi, na malaria ni nyingi vilevile, kwa kuwa mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka 2012 na kuichukua Bukombe kutoka Shinyanga, umo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ambayo ugonjwa huo haujapata kuihurumia. Basi mama aliyekesha na mtoto mwenye homa humbeba mgongoni alfajiri, akampeleka zahanati au kituo cha afya, akamweka mbele ya tabibu au muuguzi asiyemjua kwa jina wala kwa ukoo, akaridhia kila atakaloambiwa. Imani hiyo ni njema, na mara nyingi hulipwa kwa wema, maana watoto wengi waliopona degedege na upungufu wa damu katika nchi hii wamepona kwa mikono ya watumishi wachache wenye kazi nyingi na mshahara mdogo.

Lakini ziko siku ambazo imani hiyo hupatwa na msiba. Dozi huzidi kipimo, sindano ikachomwa mahali pasipostahili, damu ikatundikwa isiyolingana na ya mgonjwa, homa ya uti wa mgongo ikatibiwa kama malaria, au rufaa iliyopaswa kuandikwa magharibi ikaandikwa asubuhi, wakati mtoto amekwisha kulegea. Hapo wazee wa familia, kwa nia ya kufariji, husema kwamba ni kazi ya Mungu, na neno hilo likisha kusemwa huwa kama kufuli juu ya mlango: hakuna aulizaye tena. Sina ugomvi na imani ya kadari, nami naishika. Lakini sijapata kuona mahali ambapo imani hiyo ilimkataza mzazi kuuliza sababu ya yaliyomfika mwanawe. Mtoto hana ulimi wa kudai wala miguu ya kwendea ofisini, na kwa hiyo haki yake yote, pamoja na haki ya kuambiwa ukweli, ni amana iliyowekwa kwa wazazi wake. Makala haya yanaeleza jinsi amana hiyo inavyoweza kutekelezwa na mtu wa kawaida wa Runzewe, asiye na mali wala ndugu mwenye cheo.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo ambayo uchungu huyachanganya. Yako madhara ambayo hata tabibu hodari, mwenye vifaa vyote na wasaa wa kutosha, asingeweza kuyazuia, kwa sababu ugonjwa una nguvu zake na dawa ina madhara yake yanayojulikana. Liko kosa, yaani jambo lililofanywa kinyume cha ilivyokusudiwa au lililosahauliwa, ambalo aghalabu huzaliwa na uchovu, giza la wodi usiku, dawa mbili zenye vichupa vinavyofanana, au zamu ya muuguzi mmoja kwa wagonjwa ambao wangewatosha wanne. Kisha uko uzembe, ambao sheria huupima kwa kuuliza kama mtumishi mwenye elimu na cheo kama chake, akiwa mahali kama pale, angetenda vile. Mzazi aliye katika majonzi hawezi kuyaamua hayo peke yake, wala hapaswi kutakiwa ayaamue. Awezalo, na limpasalo, ni kutaka yachunguzwe na watu wenye elimu, naye apewe majibu.

Kisa kimoja cha jirani zetu chastahili kutazamwa kwa kituo. Mwaka 2015, katika kijiji cha Akichelesit, Teso Kaskazini, kaunti ya Busia nchini Kenya, ilijulikana kwamba watoto wapatao 28 walipooza mguu baada ya kuchomwa sindano za kutibu malaria katika zahanati yao. Upande wa pili wa mpaka, katika wilaya ya Kumi mashariki ya Uganda, madaktari wa mifupa walikuwa wamekwisha kuona kwa miaka mingi watoto wenye misuli ya matako iliyokakamaa, wasioweza kuchuchumaa wala kukaa vizuri darasani, na chanzo kilichotajwa kilikuwa sindano, hasa za kwinini. Sababu yake si ya siri. Katika tako hupita mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka mpaka unyayoni. Kwa mtoto mchanga au aliyekonda kwa utapiamlo nyama ya mahali hapo ni haba, na ncha ya sindano au ukali wa dawa ukiufikia mshipa huo mguu hulegea, pengine siku ileile. Ndiyo maana mafunzo ya kisasa yanaelekeza kwamba mtoto mdogo, pale inapolazimu achomwe sindano ya msuli, achomwe kwenye paja, upande wa mbele na nje.

Jambo linalonigusa zaidi katika kisa cha Busia ni hesabu yenyewe. Mzazi mmoja, katika nyumba yake, akiona mguu wa mwanawe unaburuta, hudhani ni bahati mbaya, au polio, au jicho la jirani. Wazazi wengi wa kijiji kimoja wakikutana na kulinganisha tarehe na mahali, habari hubadilika ikawa ushahidi. Kwa hiyo anayenyamaza kwa kuona haya, au kwa kuhofia kwamba atanyimwa huduma siku nyingine, hana habari kwamba huenda nyumba ya tatu kutoka kwake yuko mama mwingine anayelia kwa sababu ileile.

Mtoto hudhurika upesi kuliko mtu mzima kwa kuwa dawa yake hupimwa kwa uzito wake, na hesabu ya uzito ni mlango mpana wa makosa. Chukua dawa ya artesunate, ambayo leo ndiyo sindano ya kwanza kwa malaria kali. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, ukiwamo mji wa Muheza katika nchi yetu, ulionyesha kwamba dawa hiyo iliokoa roho zaidi kuliko kwinini: vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa artesunate, na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo moja ya uzito wake, na kichupa kilichozoeleka kina miligramu 60; maana yake ni kwamba mtoto wa kilo 10 anahitaji nusu ya kichupa tu, na mtoto wa kilo 8 ambaye uzito wake umeandikwa 18 kwa haraka ya kalamu atapewa dawa ya mtoto mwingine kabisa. Mama anayesema kwa upole, "Dokta, naomba apimwe kwanza kwenye mizani," hamwingilii mtu kazi yake.

Kadhalika kutaja jina. Mwaka 2007, katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa, mwenye ugonjwa wa goti akapasuliwa kichwa, na mwenye ugonjwa wa kichwa akapasuliwa goti. Na mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mtu asiyehusika alifunguliwa fuvu. Yakitukia hayo katika hospitali kuu za mataifa mawili, mzazi wa Bukombe ambaye mwanawe amelazwa kitanda kimoja na mwenzake asione haya kutamka jina kamili la mtoto kila mara nesi anapofika na sinia la dawa.

Sasa tuseme madhara yamekwisha kutokea. Wajibu wa kwanza, ambao hasira na kilio huusahaulisha, ni kumtafutia mtoto tiba ya madhara hayo upesi, kabla ya kutafuta aliyekosea. Ikiwa kituo kilichomdhuru hakiwezi kumtibu, mzazi aombe rufaa kwa maandishi kwenda hospitali ya wilaya kule Ushirombo, au hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Geita, na kama hali ni nzito, Bugando, Mwanza, au hospitali ya kanda ya Chato. Na akiona mtoto anazidiwa huku anaambiwa asubiri, aseme tena, amwite mkubwa wa zamu, amwite mganga mfawidhi, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma. Mwaka 2021, katika hospitali ya King's College, London, msichana wa miaka 13 aliyeitwa Martha Mills alifariki kwa sumu ya vijidudu katika damu baada ya kuumia kongosho kwa kuanguka baiskeli; wazazi wake walikuwa wameeleza wasiwasi wao, na mwaka uliofuata hakimu wa uchunguzi wa vifo alisema kwamba yamkini angepona kama angehamishiwa mapema wodi ya wagonjwa mahututi. Kutokana na msiba huo na sauti ya wazazi wake, hospitali za Uingereza zilianza mwaka 2024 kufuata kanuni iliyopewa jina lake, inayompa mzazi au mgonjwa haki ya kuita jopo jingine la wataalamu limtazame mgonjwa upya. Kwetu kanuni ya namna hiyo haijawekwa, lakini hakuna kanuni inayomkataza mama kuomba mtaalamu wa pili.

Wajibu wa pili ni kuhifadhi ithibati, na hapa watu wa vijijini kwetu wana neema ambayo hawaitambui. Katika zahanati nyingi mgonjwa huja na daftari lake la kununua dukani, ambamo tabibu huandika maradhi, vipimo na dawa, na daftari hilo hurudi nyumbani mikononi mwa mgonjwa. Mtoto ana pia kadi ya kliniki yenye uzito wake wa kila mwezi na chanjo zake. Karatasi hizo zina thamani kubwa kuliko maneno ya mashahidi kumi. Mzazi azipige picha kwa simu, kila ukurasa, siku ileile, kisha azifiche mahali penye usalama, wala asimwachie mtu yeyote daftari asili kwa ahadi ya kwamba litarudishwa. Anayelihitaji apewe nakala. Kichupa cha dawa, boksi lake lenye namba ya toleo, mfuko wa dripu, stakabadhi ya malipo, cheti cha dawa, vyote vitunzwe. Na usiku huohuo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya majirani, aandike au amwombe kijana anayesoma amwandikie: tulifika saa ngapi, tulimkuta nani, alisema nini, sindano ilichomwa wapi, mtoto alianza kubadilika lini, tuliomba msaada mara ngapi, tukajibiwaje. Aandike aliyoyaona na aliyoyasikia tu. Dhana zake aziweke kando.

Siku hizi vituo vingi vinaandika habari za wagonjwa katika kompyuta, na mzazi hubaki bila karatasi. Hilo lisimkatishe tamaa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imemthibitishia mtu haki ya kuzifikia habari zake zinazotunzwa na wengine. Barua fupi ya kuomba nakala ya kumbukumbu za matibabu ya mtoto, yenye tarehe, na yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, yatosha kuanzia.

Kisha uje wakati wa kuzungumza na mkuu wa kituo. Nashauri mzazi asiende peke yake wala asiende na umati, aende na mtu mmoja mwenye busara, na aombe kikao na mganga mfawidhi kwa heshima ile anayowapa wakubwa wake: "Shikamoo dokta. Mtoto wangu alitibiwa hapa juzi, akatoka hawezi kusimama. Naomba unieleze yaliyotokea, na naomba yaandikwe." Maswali yenye faida ni machache: alipewa nini, kiasi gani, na nani, mliligundua lini tatizo, mmefanya nini kulirekebisha, nani atagharimia matibabu yanayofuata, na mtafanya nini lisimpate mtoto mwingine. Ofisa ustawi wa jamii, ambaye hospitali za wilaya na mikoa huwa naye, ni mtu wa kumwona mapema, kwa kuwa kazi yake ni kusimama na mgonjwa asiye na uwezo.

Nimesema asiende na umati, na nakusudia kwa uzito wote. Kumpiga muuguzi au kuvunja madirisha ya zahanati ni jinai, humgeuza mdai kuwa mshitakiwa, na huwakimbiza watumishi mahali ambapo kuwapata kulikuwa kazi. Tena mtumishi aliyekosa bila kukusudia naye aghalabu hupatwa na fadhaa isiyosemeka, hasa akiwa kijana aliyetoka chuoni juzi na kuachwa zamu ya usiku peke yake. Akikiri kwa mdomo wake na kuomba radhi, amefanya jambo la kiungwana linalostahili kupokelewa kwa insafu. Lakini kupokea radhi hakufuti haki ya mtoto kupata uchunguzi na matibabu, na hapa wengi hukosea. Huja mtu usiku na bahasha, akasema tuyamalize kifamilia, weka dole gumba hapa. Mzazi asitie sahihi wala dole kwenye karatasi ambayo hajaisoma mwanasheria au msaidizi wa kisheria, maana kiasi kinachoonekana kikubwa mbele ya nyumba yenye njaa hakifiki hata gharama za mwaka mmoja za mtoto asiyetembea. Na pakiwapo harufu ya rushwa, iwe ya kuficha faili au ya kudai fedha kwa huduma ambayo sera ya nchi inataka watoto wa chini ya miaka mitano wapewe bure, TAKUKURU ndiyo ofisi yake.

Kituo kikinyamaza, ziko ngazi za kupanda. Kila zahanati na kituo cha afya cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kata anaweza kumwonyesha mzazi wajumbe wake. Juu yake yuko Mganga Mkuu wa Wilaya, halafu Mganga Mkuu wa Mkoa kule Geita. Malalamiko yaende kwa barua, na kila barua ibaki na nakala iliyogongwa muhuri. Yakihusu mwenendo wa mtu katika taaluma yake, mabaraza yapo: madaktari na matabibu husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017, wauguzi na wakunga na Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010, na wafamasia pamoja na maduka ya dawa na Baraza la Famasi chini ya sheria ya mwaka 2011. Mabaraza haya yana uwezo wa kumwonya mtu, kumsimamisha, hata kulifuta jina lake katika daftari la taaluma. Fidia ni kazi ya mahakama. Ikiwa shaka imeiangukia dawa yenyewe, ama ni bandia, ama imeharibika, ama imeleta madhara yasiyotarajiwa, ipewe habari Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kichupa kilichotunzwa ndicho kitakachosema. Ofisi ya umma ikimzungusha mzazi bila kumjibu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya jinsi hiyo.

Watu wa machimboni wana hatari yao ya pekee, ambayo siwezi kuipita kimya. Mahali penye dhahabu hufuata mtu mwenye begi la sindano, asiye na cheti wala leseni, anayetibu katika chumba cha turubai. Na yako maduka ya dawa muhimu ambayo, kinyume cha ruhusa yao, huchoma sindano nyuma ya pazia, ilhali maduka hayo tangu yalipoanzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003 yalikusudiwa kuuza dawa zilizoorodheshwa tu. Mtoto akidhurika hapo, kadhia imevuka mipaka ya taaluma ikawa ya polisi. Mzazi achukue kwao fomu ya PF3, na ajue kwamba Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani hata mwenye leseni anayetibu kwa uzembe unaohatarisha uhai, sembuse asiye nayo.

Yako madhara ambayo hayana tiba, kwa kuwa mtoto amefariki. Wakati huo mgumu kupita yote, uamuzi mmoja hauwezi kungoja: uchunguzi wa maiti. Desturi zetu, za Kiislamu na za kikabila, zinahimiza maziko ya haraka, na nani atamlaumu mama anayetaka mwanawe apumzike? Hata hivyo ni lazima niseme wazi kwamba mwili ukisha kuzikwa bila kuchunguzwa, sababu ya kifo huzikwa pamoja nao, na kufukua kaburi kunahitaji amri ya mahakama na moyo mgumu. Familia yenye shaka ya kweli itoe taarifa polisi kabla ya kuuchukua mwili mochwari. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo imeweka njia ya kuchunguza kifo ambacho sababu yake haijulikani au si ya kawaida. Wanachuoni wengi wa Kiislamu wameruhusu uchunguzi huo pale panapokuwa na dharura ya kuthibitisha haki, na shekhe wa mtaa aulizwe bila kuogopa. Wazazi wanaweza pia kuomba daktari wa hospitali nyingine awepo.

Mahakama ni njia ndefu, lakini ni njia. Mtoto hawezi kushitaki mwenyewe, kwa hiyo mzazi au mtu mzima mwingine husimama mahali pake, na sheria humwita rafiki wa karibu. Hili si jambo geni katika pande zetu: ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1992 zina kesi ya mtoto aliyemshitaki kwa njia hiyo mganga mfawidhi wa Hospitali ya Nkinga, mkoani Tabora. Nchini Uganda, mume na mke waliopata watoto pacha katika hospitali ya Mulago mwaka 2012, wakakabidhiwa mmoja na kukosa maelezo ya kuaminika juu ya mwingine, walifungua shauri wakisaidiwa na shirika la kutetea haki ya afya. Mnamo Januari 2017 Mahakama Kuu iliwapa ushindi na fidia ya shilingi za Uganda milioni 85. Karibu miaka mitano ilipita kati ya uzazi na hukumu. Wazazi wale walikuwa wamenyimwa maelezo, na mahakama iliihesabu haki ya kupata habari miongoni mwa haki zilizovunjwa.

Muda una sheria zake. Kwa Tanzania Bara, madai ya madhara ya namna hii hupaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3, na kama mdaiwa ni serikali, ikiwamo halmashauri, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, kisha shauri lifunguliwe Mahakama Kuu pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sheria ya Ukomo imemhurumia mtoto: kwa dai lililo lake mwenyewe, saa haianzi kuhesabiwa mpaka atimize miaka 18. Madai ya wazazi kwa nafsi zao, kama gharama walizotoa, hayana rehema hiyo. Wala kungoja hakufai, kwa kuwa wauguzi huhamishwa, madaftari ya wodi hupotea, na mashahidi husahau. Asiyeweza kumlipa wakili asiseme mlango umefungwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walio wilayani, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikihudumia wasio na uwezo tangu mwaka 1995, na kampeni ya msaada wa kisheria yenye jina la Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imekuwa ikifika mpaka vijijini.

Huku hayo yakiendelea mtoto anaishi, na maisha yake hayangoji hukumu. Mguu uliopooza kwa sindano wahitaji mazoezi ya viungo upesi iwezekanavyo, pengine kifaa cha kuuinua unyayo, pengine upasuaji, na watoto wengi hurudiwa na nguvu kwa kadiri fulani wakihudumiwa mapema. Anayeambiwa angoje mpaka akue anapotezewa miezi ambayo hairudi. Ndani ya nyumba nako kuna jeraha. Mara nyingi mama ndiye anayelaumiwa, na mume, na mama mkwe, na zaidi na nafsi yake mwenyewe: kwa nini ulimpeleka kule, kwa nini hukukataa. Mama huyo aliipeleka roho ya mwanawe mahali ambapo taifa zima limemwambia aipeleke. Baba anayemsimamia mkewe katika saa hiyo, akaenda naye ofisini na kuubeba mfuko wa karatasi, amefanya kazi kubwa kuliko aliyekwenda kumtafuta mbaya wake kwa panga.

Shirika la Afya Duniani limeitenga tarehe 17 Septemba ya kila mwaka, tangu 2019, kuwa siku ya usalama wa mgonjwa, na mwaka 2025 siku hiyo ilielekezwa kwa watoto wachanga na watoto wote. Ingefaa kamati za vituo vyetu ziitumie siku hiyo kuwaita wazazi na kuwasikiliza, na wauguzi wenyewe waeleze wanapungukiwa na nini zamu za usiku.

Hofu moja inabaki, nayo ina madhara mapana kuliko kosa lililoileta: familia iliyodhurika huacha kabisa kwenda kliniki, na wadogo zake yule mtoto wakakosa chanjo. Hofu hiyo naielewa, wala siidharau. Lakini surua haijali sababu iliyomzuia mama asitoke nyumbani. Chanjo yake hutolewa mtoto akitimiza miezi 9, na tena miezi 18, bila malipo, na kadi ya kliniki hupokewa katika kituo chochote nchini, hata kile cha kata ya pili. Mzazi asiyeweza tena kuvuka kizingiti cha zahanati ileile ana ruhusa ya kwenda nyingine, ana ruhusa ya kumwomba muuguzi mwingine, na ana ruhusa ya kuuliza, kabla mkono wa mwanawe haujashikwa, chanjo hii ni ipi, inachomwa wapi, na imeandikwa wapi.